Taja Mpaka Uliouona

Mwenyekiti wa bodi alikuwa luteni kanali mwenye mvi, miwani yake imefungwa uzi mweusi mahali pa skrubu. Kulia na kushoto kwake walikaa wajumbe wanne. Mbele yao lilikuwapo faili langu, na mbele ya faili nilisimama mimi, nimekakamaa ndani ya sare ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) niliyoipiga pasi ya mkaa mara tatu usiku wa kuamkia siku ile. Ilikuwa mwaka 1986.

"Kwa nini unataka kuwa afisa?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikariri wiki mbili nzima, nikilisema moyoni wakati wa mchakamchaka na kulirudia gizani hangani, bwenini mwetu, wenzangu wakiwa wamelala. "Nataka kulinda mipaka ya nchi yangu, afande."

"Umetokea wapi?"

"Kyela, afande."

"Taja mpaka mmoja uliouona kwa macho yako."

Nikaanza: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zaire, Zambia, Malawi, Msumbiji. Nchi zote nane, kwa mpangilio wa ramani ya darasani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Hiyo ni orodha. Nimekuuliza uliouona."

"Sijauona, afande."

Nilisema uongo bila kujua kwamba ni uongo. Nimezaliwa Kyela, karibu na Mto Songwe, na Songwe ndio mpaka wetu na Malawi. Niliuvuka kwa mtumbwi nikiwa mgongoni kwa mama, tukienda kumwona shangazi aliyeolewa ng'ambo. Nimeuona ukifurika masika na kuhama njia yake, kipande cha shamba la mpunga la babu kikaamkia upande wa pili, na wazee wa pande zote mbili wakakaa chini ya mwembe kujadiliana nani avune. Pengine katika vijana wote waliosailiwa siku ile hapakuwa na aliyeujua mpaka kuliko mimi. Lakini jibu langu nililitoa kwenye daftari la mwenzangu, na kwenye daftari lile Songwe haukuwemo.

Jina langu halikutoka.

Nimestaafu nikiwa na nyota tatu begani. Sasa naishi Kihonda, Morogoro, na kila tangazo la nafasi za jeshi linapotoka, baraza yangu hujaa vijana. Wanakuja na bahasha za kaki, wananiamkia "Shikamoo, afande," kisha wanauliza jambo lile lile: maswali yatakuwa yapi? Huwa nawajibu kwamba siyajui, na ni kweli. Wajumbe hubadilika na maswali hubadilika. Ninachokijua ni kile bodi inachokitafuta, na hicho hakijabadilika tangu siku yangu ile. Inamtafuta mtu anayeona kilicho mbele yake na kukisema kama kilivyo. Maandalizi yote ninayowapa vijana hawa yanatoka hapo.

Jina moja kwenye karatasi zote

Kabla bodi haijakuona, imeona karatasi zako. Masharti ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kwa kawaida yanafahamika: uwe raia wa Tanzania, uwe ndani ya umri uliotajwa, uwe na afya njema na akili timamu, usiwe umeoa wala kuolewa, usiwe na kumbukumbu za jinai, uwe umepita JKT, na uwe na cheti cha kuzaliwa pamoja na vyeti vya shule. Soma tangazo lenyewe la Makao Makuu ya Jeshi. Usisome picha yake iliyokatwa nusu na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Ajabu ni kwamba wengi hawaangushwi na mbio wala na maswali. Wanaangushwa na jina. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja mrefu, mkimbiaji hodari, ufaulu wake mzuri. Tulitandaza karatasi zake juu ya jamvi. Cheti cha kuzaliwa kilimwita Yohana. Cheti cha kidato cha nne kilimwita John. Kitambulisho cha Taifa kilimwita Johanes. Nyumbani kwao ni jina moja, maana bibi yake humwita yote matatu kwa siku moja. Kwa anayepekua faili, hao ni watu watatu. Kurekebisha kunataka hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, kunataka kurudi kwenye ofisi zilizotoa karatasi, na kunataka subira. Kijana yule alihitaji miezi; tangazo lilikuwa limempa siku.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa vijana ni hii: leta vyeti vyote, tuvisome herufi kwa herufi, tarehe kwa tarehe, mwaka mmoja kabla ya kuomba. Ukikuta kasoro, usiifiche na usiifute kwa wembe. Anza kuirekebisha kwa njia halali, na ukiulizwa, ieleze.

Hali kadhalika kwa habari za familia. Utafanyiwa upekuzi. Kama kaka yako aliwahi kufungwa, kama baba mnaishi naye mbalimbali, kama uliwahi kusimamishwa shule, sema. Kosa la kaka yako si lako, lakini ukilificha, kuficha huko ni kwako.

Na hapa ndipo nawaomba wazazi wanisikilize vizuri. Nafasi za jeshi haziuzwi. Jeshi lenyewe limetoa tahadhari mara nyingi kuhusu matapeli wanaopokea fedha za watu kwa ahadi ya kuwaingizia watoto wao. Nimemwona mama aliyeuza cherehani yake ili amlipe mtu aliyejiita kanali kwenye simu. Mtu huyo hakuonekana tena. Anayekuomba pesa ili mwanao awe afisa ni mwizi, hata kama amevaa sare.

Mwili unaanza miezi sita nyuma

Vijana wengi huanza kukimbia siku wanayosikia tangazo. Wiki ya pili wanachechemea. Mimi nawaanzisha kilomita tatu, siku tatu kwa wiki, asubuhi kabla jua halijapanda juu ya milima ya Uluguru. Baada ya mwezi tunaongeza hadi tano, baadaye nane. Siku nyingine ni pushapu, kuvuta chuma na kutembea na mzigo. Siku moja ni ya kupumzika, na hiyo nayo ni amri.

Upimaji wa afya hautazami misuli peke yake. Daktari hutazama macho, masikio, meno, kifua, shinikizo la damu na miguu. Jino bovu ling'olewe au lizibwe mapema. Macho yapimwe mapema, usije ukagundua siku ya kusoma herufi ukutani kwamba jicho la kushoto halioni. Ukiwa na ugonjwa, mweleze daktari. Afisa anayeficha pumu yake atawaangusha wenzake mlimani.

Mavazi nayaeleza kwa ufupi kwa sababu hayana maneno mengi. Shati safi, suruali au sketi ya heshima, viatu vilivyong'arishwa, nywele fupi. Dada zangu, wigi na kucha za kubandika ziacheni nyumbani. Ukiingia, kakamaa, salimu, subiri kuambiwa ukae. Kwa kuwa kichwa chako kiko wazi, usipige saluti. Mtazame anayekuuliza. Ukimaliza kujibu, nyamaza.

Ujue jeshi unaloliomba

Nawauliza vijana: JWTZ lilianzishwa lini? Wengi hujibu 1961, mwaka wa uhuru. Si kweli. Jeshi letu lilianzishwa tarehe 1 Septemba 1964, na sababu ya tofauti hiyo ya miaka mitatu ni somo ambalo kila anayetaka nyota begani anapaswa kulijua.

Uhuru ulitukuta na jeshi tulilolirithi kwa Mwingereza, Tanganyika Rifles, na maafisa wake wengi walikuwa Waingereza. Waafrika waliokuwa na kamisheni walihesabika. Mmoja wao, Luteni Alexander Nyirenda, ndiye aliyeupeleka Mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia uhuru. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai nyongeza ya mishahara, na walitaka maafisa wa Kizungu waondoke. Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, yale yale ya mkoloni wa jana, kuwanyang'anya askari wake silaha. Jeshi lile likavunjwa. Lililojengwa upya likaitwa la Wananchi, vijana wengi wakatoka JKT iliyokuwa imeanzishwa 10 Julai 1963, na Mrisho Sarakikya, aliyesomea uafisa Sandhurst, akawa mkuu wake wa kwanza.

Ukiyajua hayo, swali la nidhamu huwezi kulijibu kwa kaulimbiu. Utajua kwamba nchi yetu ilionja uchungu wa jeshi lisilo na viongozi wanaoaminiwa na askari wao, na kwamba kiti unachokiomba kiliwekwa hapo kuziba pengo hilo.

Soma na Katiba. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kuulinda uhuru wa nchi, na inasema hakuna mwenye haki ya kutia sahihi kukubali kushindwa vita. Ibara ya 33 inamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, ndiyo maana kamisheni hutolewa na yeye. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, ingawa haki yake ya kupiga kura imebaki. Wakati wangu, enzi ya chama kimoja, tuliulizwa kuhusu Azimio la Arusha. Wewe utaulizwa kama unaweza kuitumikia serikali yoyote iliyochaguliwa na wananchi. Jiulize nyumbani kwanza, ukiwa peke yako.

Jua pia jeshi limefanya nini katika miaka ya karibuni. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu ya kupambana na waasi mashariki mwa Kongo, Tanzania ilipeleka askari pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, James Mwakibolwa. Kule Kivu Kiswahili chetu ni chao, na askari anayeweza kumwamkia bibi kijijini akaelewa jibu lake ana silaha ambayo haibebwi begani. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, kambi ya askari wetu ilishambuliwa na zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Usiingie kwenye chumba cha usaili kama hujawahi kukaa na habari hiyo ukajiuliza kama bado unataka.

Gogo na mtaro

Nilipokuwa mkufunzi jeshini nilipata nafasi ya kusoma jinsi majeshi mengine yanavyochagua maafisa. Waingereza, hadi katikati ya Vita Kuu ya Pili, waliwapima vijana kwa mahojiano mafupi: umesoma shule gani, baba yako anafanya kazi gani. Walipoona wengi waliochaguliwa hivyo wanashindwa mafunzo, mwaka 1942 wakaanzisha bodi za aina mpya. Waombaji walikaa siku kadhaa wakipewa kazi za pamoja, na moja ya kazi hizo haikuwa na kiongozi aliyeteuliwa. Kundi lilipewa gogo na kizuizi, likaambiwa livuke. Wapimaji walisimama pembeni, kimya, wakitazama. Hadi leo huko Westbury, mahali Uingereza inapowapima waombaji wake, vijana huvaa vizibao vya namba na kuvushana juu ya mbao na mapipa.

Nimeichukua kazi hiyo nikaileta Kihonda. Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro wa maji ya mvua, upana wake kama hatua tano. Nina gogo la mkaratusi linalohitaji watu sita kulibeba. Nawaambia vijana wanane: gogo na nyinyi wote mvuke, hakuna kukanyaga chini ya mtaro, dakika kumi na tano. Kisha nakaa kwenye kigoda.

Siku zote kuna anayeanza kupaza sauti. "Wewe shika huku! Wewe kule!" Kila mtu humdhania huyo ndiye afisa. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwapo kijana wa namna hiyo, na alikuwapo binti mmoja mfupi, mtoto wa muuza mihogo wa mtaani kwetu. Binti hakusema neno dakika mbili nzima. Alitembea hadi ukingoni, akachuchumaa, akatazama udongo. Akarudi, akamgusa bega yule mwenye sauti: "Kaka, upande huu umelika na maji. Tukiweka gogo hapa litateleza. Pale penye jiwe." Wakahamia kwenye jiwe. Gogo likakaa, wakaanza kuvuka. Walipofika ng'ambo wakashangilia, na yeye peke yake ndiye aliyegeuka nyuma kuhesabu. Walikuwa saba. Wa nane, kijana mwenye kifundo kilichoteguka, alikuwa bado upande wa huku anaogopa kusema. Binti akarudi juu ya gogo kumfuata.

Nilimwita jioni nikamwambia, mwanangu, jambo hili usilikariri. Ukiulizwa kuhusu uongozi, waambie ulichokiona leo kwenye udongo.

Swali la pili

Mimi mwenyewe niliitwa tena mwaka 1987. Mwaka ule wa katikati nilikuwa Kyela nikifundisha shule ya msingi kwa muda, na kila Jumamosi nilitembea hadi Songwe. Nilikaa ukingoni nikijiuliza nini hasa kinalindwa pale, ikiwa mto wenyewe unahama na shangazi yangu yupo ng'ambo. Nilipata jibu lisilo na makeke: kinacholindwa ni wale wazee chini ya mwembe, waweze kugombania mpunga kwa maneno na kwenda kulala bila hofu.

Nilijiandaa kulisema hilo. Sikuulizwa. Mwenyekiti alikuwa yule yule, miwani ile ile, uzi ule ule. Aliniuliza: "Umewahi kumwangusha mtu aliyekutegemea?"

Nilikumbuka kambi ya JKT ya Mafinga. Nilikuwa kiongozi wa hanga, na mwenzangu wa kitanda cha juu aliamka na homa. Hesabu ya gwaride ilitakiwa itimie, nami nilitaka hanga langu lisifiwe. Nikamwambia ajikaze. Alianguka mstarini, akalazwa siku sita na malaria. Niliyasema hayo yote mbele ya wajumbe watano, magoti yakitetemeka. Sikuongeza pambo.

"Unajuaje kwamba hutarudia?"

"Sijui, afande. Ila tangu siku ile, kabla ya kuhesabu mstari, nawatazama watu nyuso zao."

Aliandika kitu. Mwezi uliofuata jina langu lilitoka, nikapanda basi la kwenda Monduli, kwenye chuo cha maafisa. Miaka mingi baadaye, afisa mmoja mstaafu aliniambia kwamba mzee yule alivuka Mto Kagera na kombania yake katika vita dhidi ya Idi Amin, na hakurudi na wote. Ndipo nilipoelewa kwa nini aliniuliza mpaka niliouona.

Basi kijana unayesoma haya, unayo kazi ya kufanya leo kabla tangazo halijatoka. Tandaza vyeti vyako uvisome. Amka alfajiri ukimbie. Soma Katiba na historia ya jeshi. Kisha kaa na mzazi au bibi yako, mkumbushane maisha yako yalivyokuwa: ulichokiona, ulichokikosea, uliyemsaidia, uliyemwacha. Usaili utatoka humo, wala usiazime daftari la mtu. Usipochaguliwa mara ya kwanza, usimtafute wa kumlaumu wala wa kumhonga. Rudi nyumbani ukajitazame, kisha ukaombe tena umri ukiwa bado unaruhusu.

Nakuambia hivi kwa sababu ninajua kinachofuata baada ya gwaride la Monduli. Luteni usu mwenye nyota moja, kijana wa miaka ishirini na kitu, hukabidhiwa platuni ya askari wapatao thelathini. Wengine ni wakubwa kwake kwa umri, wana wake na watoto. Wazazi wao hawamjui afisa huyo na hawatamwona kamwe. Wamewatoa watoto wao wakiamini kwamba aliyekaa kwenye bodi ile aliuliza kweli, na aliyesimama mbele yake alijibu kweli.